Jani Lisilogeuzwa

Kwenye kabati la tatu la maabara ya magonjwa ya mimea, droo ya chini kabisa, ile inayokwama mpaka uipige goti, ipo bahasha ya kaki yenye majani matatu makavu ya rasiberi. Bahasha zote za droo ile zina lebo moja moja. Hii ina mbili. Ya kwanza imekatwa kwa mstari wa kalamu nyekundu, na chini yake imebandikwa ya pili. Mwandiko ni wa mtu yuleyule, ila kwenye lebo ya pili herufi zimetetereka kidogo. Mwenye mwandiko ni Mama Kutu.

Jina hilo hakupewa na wazazi. Lilianza kama utani wa wafanyakazi wenzake, kwa sababu kwa miaka thelathini na moja kazi yake ilikuwa kutazama kutu. Si kutu ya mabati na misumari, bali kutu ya mimea, ule unga wa njano au wa chungwa unaotokea kwenye majani, ukiugusa kidole kinaondoka nao. Unga huo ni kuvu, na kila chembe yake ni mbegu ya ugonjwa. Mkulima akiuona humwita bwana shamba, bwana shamba hukata majani mawili matatu akayatia kwenye bahasha, na bahasha huishia mezani kwa Mama Kutu. Yeye huweka jicho kwenye hadubini, hunyamaza, kisha hutaja jina la ugonjwa kama mtu anayemwita mtoto aliyejificha nyuma ya mlango. Mumewe, fundi cherehani mwenye mdomo usiolala, alikuwa akiwaambia wageni, "Huyu mke wangu ukimpa mboga hugeuza kila jani ndipo ale. Ukiona hajageuza, ujue njaa imemshika kweli."

Tabia ya kugeuza alifundishwa na mkuu wake wa kwanza, mwanamke mkali aliyetembea na rula ya mbao mfukoni mwa koti jeupe. Ukikimbilia hadubini kabla ya kulikagua jani kwa macho yako, rula ililia mezani, paa! "Jani lina mgongo na lina tumbo," alikuwa akisema. "Geuza kwanza, hayo madude ya vioo baadaye." Wenzake walimcheka wakiwa mbali. Mama Kutu alilishika neno hilo kwa miaka ishirini na tisa bila kuteleza. Siku aliyoteleza, asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini guu lililovunjika lilikuwa la kaka yake.

Kaka huyo alimzidi miaka sita. Ndiye aliyembebea sanduku la bati kichwani mpaka kituo cha basi siku alipokwenda chuoni, akalipakia, akashuka, akapanda tena kuhakikisha limekaa vizuri, mpaka kondakta akamuuliza kama anasafiri yeye au sanduku. Alikuwa na shamba bondeni, umbali wa saa tatu kwa basi, mistari kumi na miwili ya rasiberi nyekundu, yale matunda madogo laini yaliyojengwa kwa vitone vingi, ambayo ukiyashika kwa pupa yanakufia mkononi. Mstari wa kwanza, ulio karibu na nyumba, ulipandwa na mkewe. Wifi yake Mama Kutu alikuwa na vidole vyepesi. Alichuma siku nzima na tunda halikupoteza kitone. Mashina ya mstari wake hakuyafunga kwa kamba kama wengine. Alichana magauni yake yaliyochakaa akayafungia kwa vipande hivyo, kwa hiyo ukipita pale ungeweza kusoma nguo zake zote za miaka kumi na mitano: hili la maua alilovaa kipaimara cha mtoto wa jirani, hili la bluu alilopenda mpaka likapasuka kiwiko. Alifariki kwa maradhi ya moyo, na mwaka uliofuata, majani mapya yalipochanua, yalichanua na madoadoa ya rangi ya chungwa.

Kaka hakungoja bwana shamba. Alifunga majani matatu kwenye gazeti, akapanda basi la alfajiri, saa nne akawa amesimama mlangoni mwa maabara na kofia mkononi kana kwamba amekuja kuona mgonjwa.

"Daktari," alisema, kwa maana ndivyo alivyomtania, "nitazamie hawa watoto wa wifi yako."

Hapa inabidi nieleze jambo, na nitalieleza kama Mama Kutu mwenyewe alivyokuwa akiwaeleza wakulima. Rasiberi ina kutu zaidi ya moja. Kutu ya njano ni kero tu: unakata mashina ya zamani, unaokota majani yaliyoanguka, unaacha nafasi hewa ipite, maisha yanaendelea. Kutu ya chungwa ni balaa. Hiyo huingia ndani ya mmea mpaka mizizini, na mmea ulioingiwa haponi. Dawa yake ni kung'oa na kuchoma. Mwanzoni mwa msimu hizi mbili hufanana, na hata mbegu zake chini ya hadubini ni za mviringo zote, rangi ya kiini cha yai zote. Ila ya njano wakati huo hujitokeza juu ya jani, kwenye kijani. Ya chungwa hufunika chini, kwenye ule weupe wenye manyoya. Mtoto wa darasa la pili angezitenganisha, mradi aligeuze jani.

Majani ya kaka yalikuwa yamelowa safarini. Unga umetapakaa gazetini, umegandia kila mahali, na majani yamejikunja kama ngumi. Mama Kutu alichukua selotepu, akabandika juu ya doa, akabandua, akaiweka kwenye kioo, akainamia hadubini. Ndiyo njia ya haraka, kila mtu pale anaitumia, na selotepu haiulizi imebandikwa upande gani. Akaona mbegu za mviringo, nyingi, zinang'aa. Moyo ukamruka.

Nisimfiche. Uliruka kwa furaha. Katika miaka yake yote alikuwa hajawahi kuiona kutu ya chungwa ila kitabuni, na hakuna aliyewahi kuipata katika maabara ile. Ukimaliza miaka ishirini na tisa kutaja magonjwa ambayo wenzako wameshayataja, nafsi nayo inataka chake. Kitabu kilisema rasiberi nyekundu huachwa salama na kutu hiyo. Alikisoma kifungu hicho mara mbili, akajiambia vitabu huandikwa na watu. Kanuni ya maabara ilitaka sahihi mbili, na mwenye sahihi ya pili, mtunza vielelezo, alikuwa anatoka kwenda kula. Alisaini akiwa amesimama, kalamu ikiwa ya kuazima. "Mama Kutu akishasema, mimi ni nani wa kubisha?" alisema, akaenda zake. Barua ya kupeleka kielelezo kwenye maabara kubwa kuthibitishwa Mama Kutu aliianza siku hiyohiyo. Haikuisha siku hiyo, wala mwezi huo, na ikishapita miezi barua inaona haya kuisha.

"Ni mbaya?" kaka aliuliza.

"Mbaya, kaka. Ung'oe yote uchome. Usipofanya hivyo itahamia kwa majirani."

Kaka aliigeuza kofia yake mara kadhaa. "Wewe ndiye unayejua," alisema.

Mama Kutu alikwenda mwenyewe kusimamia. Kwa siku mbili waling'oa mistari kumi na mmoja, na majirani wakaja na majembe kusaidia. Walipofika wa mwisho, ule ulio karibu na nyumba, kaka alisimama.

"Hata huu?"

"Hata huo."

Basi akawaomba watu wote wakae, akaung'oa peke yake. Ilimchukua alasiri nzima. Walipowasha moto, harufu ya nguo inayoungua ilitangulia ile ya majani, na Mama Kutu aliigeukia milima akajifanya moshi umemwingia machoni. "Usiache hata chipukizi moja," alimwambia kabla ya kupanda basi. "Rasiberi hutambaa kwa mizizi. Ukiona linachomoza, ling'oe."

Kaka alipanda kabichi na vitunguu. Alikonda, akapona kidogo, na ikawa kila akikutana na mtu anamweleza habari ileile: kwamba yeye alipoteza shamba lakini bonde zima likapona, na aliyeliponya ni mdogo wake. Alilisema jambo hilo msibani, alilisema kwa kinyozi. Ndiyo fimbo aliyotembelea. Mama Kutu akisikia alikuwa akiinamisha kichwa kwa unyenyekevu ambao, kusema kweli, haukuwa mwingi sana.

Jambo moja tu lilimshangaza. Tangu mwaka ule, alipokwenda kumtembelea kaka yake, alimkuta barabarani anamngoja, na nyumbani alikalishwa barazani mbele, daima mbele. Akitaka kwenda jikoni, kaka anaruka: "Kaa, kaa, nitakuletea mimi." Mama Kutu alidhani mjane wa watu anaona aibu ya vyombo visivyooshwa, akamwachia heshima yake.

Miaka miwili ikapita. Jumatatu moja ililetwa bahasha kutoka bonde lile. Ilitoka kwa jirani wa kaka, mzee mpole mwenye mistari minne tu ya rasiberi aliyoipanda mwaka uliotangulia, na bwana shamba alikuwa ameandika nje kwa herufi kubwa: INASHUKIWA ILE ILE. Macho ya Mama Kutu wakati huo yalikuwa yameanza kuchoka, hadubini inamtoa machozi, kwa hiyo alikuwa amerudia desturi ya zamani ya kuanza na kioo cha mkono. Bwana shamba alifungasha vizuri, kila jani kati ya karatasi mbili kavu. Mama Kutu akalichukua la kwanza, akaona madoa kwenye kijani. Akaligeuza. Weupe wa manyoya, safi kabisa.

Akachukua la pili, akaligeuza. La tatu vilevile.

"Njano," alisema kwa sauti, na akacheka kidogo kwa nafuu, kwa sababu alimfurahia mzee wa watu. Kisha kicheko kikakatika. Alisimama, akaenda kabati la tatu, akaipiga droo goti.

Majani ya kaka yake yalikuwa makavu kama karatasi za chai, bado yamejikunja. Aliyalaza juu ya kitambaa chenye unyevu, akangoja yalainike, na katika kungoja huko alijiombea mambo ambayo mtu mzima haombi. Kisha akayakunjua kwa kibanio, polepole, moja baada ya jingine. Unga uliotapakaa ulikuwa kila mahali, ndiyo, lakini vidonda vyenyewe, pale ngozi ya jani ilipopasuka kuvu ikatoka, vilikuwa vyote juu. Vyote. Chini hapakuwa hata na kimoja. Mwenye macho haambiwi tazama, wanasema. Yeye aliambiwa kwa rula miaka mingi, na bado hakutazama.

Alikaa kwenye kigoda chake mpaka mtunza vielelezo akapita kumuuliza kama anaumwa. "Kiuno," alijibu.

Sasa angefanya nini? Jibu liko wazi kwako na kwangu, tuliokaa vizuri tunasoma. Simu ilikuwa mfukoni. Maneno yenyewe hayazidi kumi: usimruhusu jirani ang'oe, akate tu, nami nilikukosea. Lakini hayo ya mwisho ndiyo yaliyomkwama. Akimwambia jirani akate tu, kaka atauliza kwa nini yeye hakuambiwa akate tu. Na akiuliza atakuwa amepoteza vyote, shamba na ile fimbo yake, lile bonde lililopona kwa sababu yake. Hakuna bonde lililopona. Hapakuwa na cha kuponywa. Mama Kutu alijiambia kwamba anamhurumia kaka yake, na ilikuwa kweli kwa nusu. Nusu nyingine alikuwa anajihurumia yeye.

Basi Jumatatu hakupiga. Alijiambia ripoti kwanza. Jumanne aliandika ripoti, akaichapa, hakuituma. Alijiambia bwana shamba yuko safarini hata hivyo. Mchana simu yake ilianza kuita mezani, inajizungusha kwa mtetemo kati ya vioo na chupa. Ilikuwa namba ya kaka. Mama Kutu aliitazama. Aliitazama mpaka ikanyamaza. Baada ya dakika chache ikaita tena, na tena akaitazama, mikono yote miwili ikiwa mapajani kama mwanafunzi aliyekatazwa kugusa. "Atakuwa anataka kunisalimia," alijisemea. Haikuita mara ya tatu.

Jioni ya Jumatano mumewe aliweka mkasi chini. Meza yao ya chakula ndiyo meza yake ya kukatia vitambaa, na alikuwa amesogeza suruali ya mtu ili sahani zipate nafasi.

"Leo umekula mboga bila kugeuza," alisema.

Mama Kutu akaanza kulia. Alimsimulia yote. Fundi alisikiliza akiviringisha uzi kidoleni. Mwishowe alisema, "Mimi nikikata kitambaa cha mtu vibaya, natamani kukificha chini ya meza. Nimewahi kukificha. Lakini mwenye kitambaa atakuja tu, mke wangu. Heri umfuate."

Alhamisi akapanda basi la alfajiri, na bahasha mbili kwenye mkoba, amezishika kifuani kama mayai.

Hakuna aliyemngoja barabarani, kwa kuwa hakuna aliyejua anakuja. Aliposhika njia ya nyumbani akasikia majembe, akaongeza mwendo. Katika shamba la jirani mstari mmoja ulikuwa umelala chini, mizizi juu. Mitatu ilikuwa imesimama bado. Jirani alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa anakunywa maji, na pembeni yake, mikono yenye udongo mpaka viwiko, alikuwa kaka.

"Mdogo wangu!" kaka alisema, lakini uso haukufurahi. Ulishtuka. "Umeshajua?"

"Nimeshajua nini?"

Kaka alimwambia jirani wapumzike mpaka saa nane ndipo waanze mstari wa pili, akamshika dada yake mkono, wakaelekea nyumbani. Safari hii hakumkalisha barazani. Alimzungusha mpaka uani, nyuma ya jikoni, mahali ambapo Mama Kutu hakuwa amekanyaga kwa miaka miwili. Hapakuwa na vyombo vichafu. Palikuwa na ukuta unaopata jua la asubuhi, kamba ya nguo, na chini ya ukuta kopo kubwa la rangi lililojaa udongo mtupu. Udongo ulikuwa umetifuliwa karibuni. Kwenye kamba kilining'inia kitambaa kimoja tu, kipande chembamba cha bluu, kimefuliwa.

"Kabla hujasema neno," kaka alisema, "niache niseme mimi. Nikikuacha uanze sitaweza."

Wakakaa kwenye ngazi ya jikoni. Kaka aliongea akilitazama kopo.

"Ulisema nisiache hata chipukizi. Niling'oa, mdogo wangu. Mwezi wa kwanza niling'oa kama mia. Halafu moja likachomoza pale ulipokuwa mstari wa wifi yako, karibu na jiwe la kufulia. Nikapita. Kesho yake nikapita tena. Siku ya tatu nikalitoa na udongo wake nikalitia kwenye kopo la rangi. Nilijiambia nitalitunza wiki moja tu, nimuage vizuri. Wiki ikawa mwaka. Likazaa. Mwaka jana lilizaa matunda kumi na tisa. Kile kitambaa cha bluu nilikikuta shambani hakikuungua, nikalifungia."

Alijifuta uso kwa mkono wenye udongo, akajichafua zaidi.

"Kila ulipokuja nilikuwa nakuficha. Mtu mzima, namficha mdogo wangu kopo! Halafu mwezi huu jirani akaniita, njoo utazame majani yangu. Nikatazama. Yaleyale. Nikarudi hapa kutazama la kwangu, nalo lina madoa. Basi nikajua. Ni mimi. Wewe uliliponya bonde, mimi nikaurudisha ugonjwa kwa kopo moja. Nimemwambia jirani nitamsaidia kung'oa mpaka shina la mwisho, ila sijamwambia kwa nini. Nimeshindwa. Wewe utamwambia?"

Mama Kutu hakuweza kumtazama. Sikia mtihani aliopewa: angenyamaza tu, angempiga kaka yake begani, angesema yamepita, na asingejua mtu mpaka siku ya kiama. Kaka angebeba kosa lile kwa utulivu, alikuwa mbebaji mzuri, aliwahi kubeba sanduku la bati. Naye kwa nukta mbili tatu alilifikiria. Aliniambia mwenyewe kwamba alilifikiria, na kati ya yote aliyonisimulia, hilo ndilo alilolisema akiwa ameinamisha kichwa zaidi.

"Liko wapi?" aliuliza. "Lile shina."

"Nimelichoma jana."

Alifungua mkoba. Bahasha moja ikamchanika. Alilaza jani la jirani kwenye goti lake moja, na jani kavu la kaka kwenye goti jingine.

"Kaka, wewe huna kosa. Hukumwambukiza mtu. Hii ni kutu ya njano, mbegu zake huja na upepo, ipo kila mahali, haihitaji kopo lako. Inakatwa mashina ya zamani tu, mmea unaendelea." Akaligusa lile jani kavu. "Na ya kwako ilikuwa hiihii. Tangu mwanzo. Nilikosea mimi. Haikutakiwa kung'olewa hata shina moja."

Kuku alipita, akadonoa udongo wa kopo, akaenda zake.

"Hata ule wa wifi yako?" kaka aliuliza.

"Hata ule."

"Ulikoseaje?"

Mama Kutu akamwonyesha. Alimpa kioo cha mkono, akamwelekeza vidonda, akamwambia ile ya chungwa hukaa chini na hii hukaa juu. Kisha akalishika lile jani kwa kikonyo na kuligeuza, mbele nyuma, mbele nyuma. Kaka alilichukua, naye akaligeuza. Alikuwa na vidole vinene, lakini alilishika kwa wepesi wa ajabu.

"Yaani kugeuza tu," alisema.

"Kugeuza tu."

Mama Kutu alingoja atukanwe. Alikuja akiwa amejiandaa kutukanwa, na njiani ndani ya basi alikuwa amejitukana kwa niaba yake, matusi ya kutosha watu wawili. Lakini kaka alitazama jua, akainuka kwa kujishika magoti. "Twende kwanza," alisema. "Yule mzee hana saa. Anaweza kuanza mstari wa pili bila sisi."

Walimkuta ameshalishika jembe. Kaka alimnyang'anya kwa upole. "Weka chini, jirani. Mtaalamu amekuja na habari njema. Amepima upya, yako ni ile nyepesi. Unakata tu." Jirani alimshukuru Mama Kutu kwa mikono miwili, akamwita mwokozi wa bonde, akasema watu walikuwa hawamsifu bure. Kisha akamgeukia kaka akamwambia pole, kwamba bahati haigawiwi sawa, yake ilikuwa mbaya na hii imekuwa nyepesi. "Ndiyo," kaka alijibu. "Ndivyo ilivyo." Mama Kutu alifungua mdomo kusema ukweli, na kaka akamtikisia kichwa kidogo mara moja tu. Ukweli huo alikuja kuusema baadaye, kwa barua aliyomwandikia bwana shamba na nyingine kwa mkuu wa maabara, na mwisho wa mwaka ule akastaafu kabla ya wakati wake. Lebo ya pili aliibandika wiki iliyofuata. Lakini siku ile, pale shambani, alinyamazishwa, na kunyamazishwa kwa huruma kulimuuma kuliko tusi.

Walisaidiana kurudishia udongo mashimo, kwa maana mashina yaliyong'olewa tangu jana yalikuwa yameshakauka. Kisha wakarudi uani kungoja basi la saa kumi. Kaka alichota maji, akanawa mpaka viwiko, akampa dada yake mtungi. Upepo ulikuwa unakichezea kile kitambaa cha bluu kwenye kamba.

"Sikutaka kulichoma," kaka alisema akiwa amempa mgongo. "Nilijiambia labda kuna dawa siku hizi. Labda moja tu, likiwa ndani ya kopo, unaweza kunikubalia. Nilikupigia nikuulize. Nilikupigia Jumanne, mara mbili."

"Najua, kaka," alisema Mama Kutu. "Niliona ikiita."

Kaka alikigusa kitambaa kuona kama kimekauka. Kilikuwa kimekauka, akakitoa kwenye kamba, akakikunja mara nne, akakitia mfukoni mwa shati.